Punje Moja Katika Elfu Kumi: Chipu za Mwanga na Upimaji wa Sumukuvu

Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu walikula mahindi waliyoyalima wenyewe na kuyahifadhi yakiwa bado na unyevu. Ilipofika tarehe 20 Julai ya mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Maini yao yaliharibiwa na sumu ambayo haionekani katika ugali, haina harufu ya kumwonya mlaji, wala haiishi kwa kupikwa.

Sumu hiyo ni aflatoksini, ile ambayo wakulima na maofisa wa kilimo wa Tanzania wameizoea kwa jina la sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, ambao huota juu ya mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizopata joto na unyevu. Wanasayansi waliitambua baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyooza kwa kuvu. Ya aina ya B1 ndiyo kali kupita zote. Akila mtu nyingi kwa mara moja humuua kwa siku chache, na akila kidogo kidogo kwa miaka mingi humletea saratani ya ini.

Kwa kuwa macho na pua haviwezi kuigundua, hapana budi ipimwe. Maabara kubwa zina mitambo ya kuipima kwa uhakika, lakini mitambo hiyo ni ya ghali, huhitaji fundi aliyefunzwa, na aghalabu iko mbali na ghala. Ndiyo maana habari za vihisio vya chipu, yaani vipande vidogo vya silikoni vinavyotumia mwanga kutambua molekuli za viumbe na za sumu zao, zimepokewa kwa matumaini makubwa. Husemwa kwamba siku si nyingi mkulima ataweka tone juu ya chipu na kupata jibu papo hapo.

Hoja ya makala haya ni kwamba matumaini hayo yana msingi wa kweli, lakini yamekaa mahali pasipo pake. Mwanga ndiyo sehemu ya kazi iliyokwisha kupata wataalamu wengi. Sehemu inayowangoja vijana walioko madarasani leo ni kujua kinachoshikwa juu ya chipu, kinachoichafua, na mahali lile tone lilikotoka. Taifa litakalonunua chipu bila kujifunza mambo hayo matatu litakuwa limenunua saa isiyo na mishale.

MWANGA UGUSAO KWA SIRI

Kila mwanafunzi aliyepita katika somo la mwanga anajua kwamba mwanga ukitoka katika kioo kwenda hewani hupinda, na kwamba pembe ikizidi kiasi fulani hautoki tena, bali hurudi wote ndani. Huo ndio uakisi kamili wa ndani. Mchoro wa kitabuni huonyesha mstari mnyoofu unaogonga ukuta wa kioo na kurudi, kana kwamba ng'ambo ya ukuta huo hapana kitu.

Mchoro huo ni wa kweli kwa kiasi tu. Mwanga ni wimbi, na wimbi halikatiki ghafla mpakani. Sehemu yake huvuka kidogo, ikafifia upesi, bila kubeba nguvu kwenda mbali. Umbali huo hukadiriwa kuwa nanomita 100 hadi 200, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi, na molekuli moja ya kingamwili ina nanomita kama 10. Kwa hiyo wimbi hili linalofifia hupapasa tabaka jembamba mno lililo juu ya uso wa kioo, wala halina habari na sehemu kubwa ya maji yaliyo juu ya tabaka hilo.

Hapo ndipo penye siri ya vihisio vyote vya aina hii. Molekuli zikinata juu ya uso, huchukua nafasi ya maji. Na kwa kuwa hupunguza kasi ya mwanga kuliko maji, wimbi lile huhisi mabadiliko. Wanasayansi wa Linköping, Sweden, yaani Bo Liedberg, Claes Nylander na Ingemar Lundström, walionyesha mwaka 1983 kwamba utando mwembamba wa dhahabu juu ya kioo waweza kutumiwa kusoma mabadiliko hayo. Mwaka 1990 mtambo uliotokana na kazi hiyo ulitoka sokoni, na tangu hapo maabara nyingi za dunia zimeutumia kuona jinsi molekuli zinavyoshikana na kuachana, bila kuzipaka rangi wala kuzitia alama yoyote.

Chipu za leo zimeupunguza ukubwa wa mtambo ule. Badala ya kioo kikubwa, mwanga hupitishwa katika mfereji mwembamba uliochongwa kwa nitridi ya silikoni na kuzungukwa na oksidi ya silikoni. Kipimo cha kupinda mwanga, yaani uwiano wa kasi ya mwanga mahali patupu na kasi yake katika kitu, ni karibu 2.0 kwa nitridi hiyo na karibu 1.45 kwa oksidi yake. Tofauti hiyo huufunga mwanga ndani ya mfereji kwa kanuni ile ile ya uakisi kamili. Upana wa mfereji ni kama mikrometa moja tu. Unywele wa mtu ni mnene kuliko huo mara hamsini na zaidi.

Aghalabu mfereji hupitishwa kando ya pete. Katika kuba la Kanisa Kuu la St Paul's, London, mtu akinong'ona karibu na ukuta wa mviringo, mwenziwe aliye upande wa pili husikia, kwa sababu sauti hufuata ukuta na kuzunguka. Mwanga nao huzunguka ndani ya pete vivyo hivyo. Lakini pete haikubali kila mwanga: hukubali tu ule ambao mawimbi yake kamili hutosha sawasawa katika mzingo wake, bila kubaki kipande. Mwanga unaotosha huongezeka nguvu kila mzunguko, kama pembea inayosukumwa kwa wakati wake. Usiotosha hupita zake. Molekuli zikinata juu ya pete, mwanga huenda polepole zaidi, na pete hubadili uchaguzi wake kidogo, ikataka wimbi refu zaidi. Kusoma badiliko hilo ndiko kusoma kiasi cha molekuli zilizonata.

KIPOKEZI NDICHO KITAMBUZI

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba mwanga haujui jina la kitu chochote. Pete ile haiwezi kutofautisha molekuli ya sumu na molekuli ya protini ya mahindi. Inachojua ni kwamba kitu kimenata. Kazi ya kutambua hufanywa na kipokezi kinachopandikizwa juu ya uso wa chipu, kitu kinachoshika aina moja ya molekuli na kuziacha nyingine. Aghalabu kipokezi hicho ni kingamwili, ile protini ambayo mwili huitengeneza kupambana na adui. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu kwa wingi, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Bila kazi hiyo ya wanabiolojia, nusu ya vihisio vya mwanga vinavyosifiwa leo visingekuwa na kazi.

Aflatoksini ina ugumu wake wa pekee. Uzito wa molekuli ya aflatoksini B1 ni 312, ilhali wa kingamwili ni karibu 150,000. Molekuli ya sumu ikikaa juu ya kingamwili ni kama kilo moja ya unga iliyowekwa juu ya mgongo wa ng'ombe mwenye kilo 480: mizani ya ng'ombe haitatikisika sana. Kwa sababu hiyo wanakemia wamebuni mbinu ya kugeuza swali. Sumu yenyewe hufungwa juu ya chipu, kisha kingamwili za kiasi kinachojulikana huchanganywa na maji yaliyokamuliwa kutoka katika mahindi. Ikiwa mahindi ni safi, kingamwili zote ziko huru, nazo huenda kunata juu ya chipu na kutoa ishara kubwa. Ikiwa mahindi yana sumu, kingamwili nyingi hushikwa nayo humo majini, na chache tu hufika kwenye chipu. Ni sawa na mtu anayesimama kituoni na kuhesabu teksi tupu: zikiwa chache, ajue abiria mjini ni wengi. Ishara ikipungua, sumu imezidi.

Wapo pia waliojaribu kuipima sumu moja kwa moja. Ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini B1, ini lake huigeuza sehemu yake kuwa aflatoksini M1, ambayo hutoka katika maziwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya huruhusu mikrogramu 0.050 tu ya M1 katika kilo moja ya maziwa ya kunywa. Watafiti wa Trento, Italia, wametumia pete na mifereji ya aina iliyoelezwa hapa, yenye vipande vya kingamwili au vya DNA juu yake, kuitafuta sumu hiyo. Kazi yao ni uthibitisho kwamba jambo lawezekana. Lakini ni uthibitisho pia wa jambo la pili: maziwa hayakuwekwa juu ya chipu kama yalivyotoka kwa ng'ombe, bali yalitayarishwa kwanza. Matayarisho hayo ndiyo yasiyoonekana katika picha za magazeti.

JOTO NA UCHAFU

Vihisio bora huweza kugundua badiliko la sehemu moja ya milioni katika kipimo cha kupinda mwanga, yaani 0.000001. Sifa hiyo ni kubwa, lakini ina deni lake. Maji yakipata joto la nyuzi moja ya Selsiasi tu, kipimo chake hupungua kwa karibu 0.0001. Kwa maneno mengine, joto la nyuzi moja hufanya kelele mara mia ya ishara ndogo inayotafutwa. Chipu iliyowekwa chini ya bati saa saba mchana, kisha ikapulizwa na upepo wa dirishani, itatoa jibu la hali ya hewa kabla ya kutoa jibu la mahindi. Wahandisi hutibu ugonjwa huu kwa kuweka pete ya pili isiyo na kipokezi kando ya ile ya kwanza, wakatoa hesabu ya moja katika nyingine. Tiba hiyo husaidia sana, lakini chombo hakiwezi kuaminiwa mpaka kijaribiwe katika joto la mahali kitakapotumika.

Kisha pana uchafu. Aflatoksini haiyeyuki vizuri katika maji matupu; hukamuliwa kutoka katika unga kwa mchanganyiko wa maji na methanoli au kimiminika kingine cha namna hiyo. Methanoli nayo hubadili kipimo cha kupinda mwanga na yaweza kudhoofisha kingamwili, hivyo hapana budi ipunguzwe makali kwa maji. Pamoja na sumu hutoka protini, mafuta na rangi za mahindi yenyewe, ambazo hupenda kunata ovyo juu ya kila uso. Mahindi ya aina mbalimbali hayatoi uchafu ulio sawa, na karanga au mtama vina mambo yao. Kampuni iliyojaribu chombo chake kwa nafaka za Ulaya au Marekani haina sababu ya kuyajua mahindi ya Dodoma au ya Makueni. Anayeyajua, au anayepaswa kuyajua, ni mkemia aliye karibu nayo.

HESABU YA PUNJE

Hata kama matatizo hayo yote yangekwisha, lingebaki moja lililo kubwa kuliko yote, nalo halihusu mwanga, wala kemia, bali hesabu.

Kuvu haoti sawasawa katika gunia. Huota katika punje chache, na punje moja iliyoshambuliwa sana yaweza kubeba sumu nyingi ajabu. Na ikadiriwe kwamba punje moja yenye uzito wa gramu 0.3 ina aflatoksini kwa kiwango cha mikrogramu 100,000 kwa kilo. Punje za namna hiyo zimepata kupimwa. Basi ndani ya punje hiyo mna mikrogramu 30 za sumu. Punje hiyo ikichanganyika na kilo tatu za mahindi safi, kilo hizo zote kwa wastani huwa na mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa na viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa aflatoksini zote pamoja. Kilo tatu za mahindi ni punje kama 10,000. Maana yake ni kwamba punje moja katika elfu kumi yatosha kuufikisha mzigo kwenye mpaka wa sheria, na mbili zatosha kuuvusha.

Sasa achukuliwe mpimaji aliyeingiza mkono na kutoa gramu 30, yaani punje 100. Nafasi yake ya kuipata punje ile ni moja katika mia. Mara 99 katika kila mara 100 ataisaga sampuli isiyo na sumu hata kidogo, ataiweka juu ya chipu iliyo bora kuliko zote duniani, na chipu itamwambia kwamba mahindi ni salama. Chipu haitakuwa imesema uongo; imeulizwa habari za punje mia, ikajibu habari za punje mia. Na ile mara moja atakayoibahatisha, itamwambia kwamba mahindi yana sumu mara mia ya ile iliyomo kweli katika mzigo.

Dawa ya jambo hili haihitaji silikoni. Huhitaji bambo la kuchomolea nafaka katika sehemu nyingi za magunia mengi, juu, kati na chini; huhitaji kuchanganya sampuli hizo ndogo kuwa moja kubwa, kuisaga yote kuwa unga laini, kuukoroga vizuri, na ndipo kuchota kiasi cha kupima. Punje moja ikisagwa huwa maelfu ya vumbi, na kila kijiko cha unga hupata sehemu yake ya haki. Mashine ya kusaga iliyo kijijini ina uzito katika upimaji wa sumukuvu sawa na ule wa leza.

Hapa ndipo makosa ya fikra yanapofanyika. Watu hudhani kwamba chombo kikiwa makini, jibu nalo ni makini. Lakini jibu haliwezi kuwa bora kuliko sampuli iliyolizaa. Fedha zinazotumiwa kuongeza umakini wa chipu mara kumi, bila kutumia chochote katika uchukuaji wa sampuli, ni fedha zilizomwagwa mchangani.

PINGAMIZI NA MAJIBU YAKE

Wapo watakaosema kwamba, ikiwa ndivyo, vihisio hivi ni anasa, na kwamba nchi ambazo baadhi ya shule zake hazina maabara ya kutosha hazina haja ya kuzungumza habari za pete za nitridi ya silikoni. Wana haki kwa jambo moja: kupima si kukausha. Mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai badala ya ardhi tupu, yakakauka mpaka unyevu usiozidi asilimia 13.5 unaotakiwa na viwango vya Afrika Mashariki, yakahifadhiwa mahali pakavu, huokoa maisha mengi kabla ya chipu yoyote kuwashwa. Hakuna kihisio kinachotoa sumu iliyokwisha kuingia.

Hata hivyo, pingamizi hilo haliwezi kukubaliwa lote. Mkulima anayekausha vizuri hawezi kuthibitisha kwamba amefanya hivyo bila kipimo, na mnunuzi hawezi kumlipa bei ya mahindi safi. Pasipo kipimo cha karibu, mahindi safi na mahindi machafu huuzwa kwa bei moja, na aliye mwangalifu hapati faida ya uangalifu wake. Kipimo cha haraka na cha haki, kikitanguliwa na sampuli iliyochukuliwa kwa uaminifu, huweza kubadili hali hiyo.

Wengine watasema kwamba vifaa vyote viagizwe tayari kutoka ng'ambo. Hao wasahau kwamba gharama ya chombo cha namna hii haiishi siku ya kukinunua. Chipu zake hutumika na kuisha. Kingamwili zilizo juu yake huharibika kwa joto zisipotunzwa. Na kila shehena yahitaji kuhakikiwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Zaidi ya hayo, viumbe hubadilika. Nchini Eritrea, baadhi ya vimelea vya malaria vilipoteza jeni zinazotengeneza protini ambayo vipimo vya haraka vilikuwa vikiitafuta, na wagonjwa wa malaria wakaonekana hawana malaria. Ilipofika mwaka 2016 nchi hiyo ililazimika kubadili vipimo vyake. Waliogundua hitilafu hiyo hawakuwa watengenezaji wa vipimo walioko mbali, bali watu waliokuwa karibu na wagonjwa na wenye ujuzi wa kutilia shaka jibu lililotolewa na chombo.

Kwa upande wa pili, hapana haja ya kujenga kiwanda cha silikoni, ambacho gharama yake hupita uwezo wa mataifa mengi. Viwanda vya Ulaya hukubali wabunifu wengi washirikiane bamba moja la silikoni, kila mmoja akilipia kipande chake tu. Chipu tupu, basi, yaweza kununuliwa. Kisichoweza kununuliwa kwa urahisi ni ujuzi wa kupandikiza kipokezi, wa kukamua sumu katika nafaka za nchi, na wa kuhakiki majibu. Sehemu hiyo ya kazi yawezekana katika maabara ya kawaida ya kemia na biolojia ya chuo kikuu, na ndiyo yenye thamani kubwa zaidi.

YAPASAYO KUFANYWA

Vyombo vya taifa vinavyosimamia sayansi vingefanya vema kuweka sharti moja kwa kila kifaa cha kupima sumukuvu kinacholetwa nchini, cha mwanga au cha aina nyingine yoyote: kijaribiwe kwanza kwa mahindi na karanga za nchini, katika joto la ghala halisi, na watu wasioambiwa ni sampuli zipi zilizo na sumu. Majibu yake yalinganishwe na yale ya maabara kuu, na yatangazwe yawe mazuri au mabaya. Pamoja na bei ya chombo, itajwe bei ya kila kipimo kimoja.

Vyuo vikuu navyo vingeacha desturi ya kumfungia mwanafizikia katika jengo lake na mwanabiolojia katika lake. Kihisio cha chipu hakina idara. Anayejua pete bila kujua kingamwili atatengeneza chombo kisichotambua kitu, na anayejua kingamwili bila kujua joto atasoma kelele akidhani ni habari.

Lakini kazi kubwa ni ya shule za sekondari, nayo yaweza kuanza muhula huu kwa vifaa vilivyopo. Mwalimu wa fizikia aweza kupima pembe ya mpaka ya uakisi kamili katika chombo cha nusu mviringo kilicho angavu, kwanza kwa maji matupu, kisha kwa maji yenye sukari nusu kwa nusu kwa uzito. Ya kwanza ni karibu digrii 48.6, ya pili karibu 44.8. Mwanafunzi anayeiona tofauti hiyo kwa macho yake ameelewa kanuni ya kihisio cha mwanga: vitu vilivyomo ndani ya maji hubadili njia ya mwanga, na mwanga waweza kuulizwa habari zake. Akiambiwa baadaye kwamba chipu husoma tofauti ndogo kuliko hiyo mara elfu nyingi, hatashangaa tu, bali atauliza joto lilikuwa kiasi gani. Swali hilo ndilo alama ya mwanasayansi.

Mwalimu wa hesabu naye apime kilo tatu za mahindi makavu, apake punje moja rangi, aizike ndani na kuchanganya. Kila mwanafunzi achote gramu 30 bila kutazama, aangalie, kisha azirudishe na kuchanganya tena. Katika darasa la wanafunzi 40, hesabu ya uwezekano huonyesha kwamba karibu mara mbili katika kila mara tatu darasa zima litaikosa punje ile. Watakapokwisha kuikosa, waulizwe kama wangekuwa tayari kula mahindi hayo kwa ushahidi wa jibu lao. Somo hilo la dakika 40 lina faida kuliko kurasa nyingi za sifa za vyombo vipya.

Na mwalimu wa biolojia amalizie kwa kuuliza kwa nini kingamwili hushika kitu kimoja na kuacha kingine, na nini hutokea kitu hicho kikibadilika umbo. Masomo matatu yatakuwa yamekutana juu ya punje moja ya mahindi, kama yanavyokutana juu ya chipu.

Watu 125 waliokufa mwaka 2004 hawakufa kwa kukosa chipu. Walikufa kwa sababu mahindi yalikuwa na unyevu, njaa ilikuwa karibu, na hakuna aliyeweza kujua kwa wakati ni gunia lipi lililobeba sumu. Chipu za mwanga zaweza kusaidia katika jambo hilo la tatu, iwapo atapatikana mtu anayejua jinsi ya kuziuliza swali. Mtu huyo hauzwi pamoja na chombo, wala haagizwi kutoka ng'ambo. Yuko darasani sasa, naye anangoja kufundishwa.